Jina Lililoitwa Kabla ya Gitaa

Mwanangu, kama unataka kujua mtu anaweza kuwa mjinga kiasi gani huku cheti chake cha kidato cha nne kimefungiwa vizuri sandukuni, nitazame mimi. Siku moja, nikiwa kijana, nilipeleka redio kaseti matangani. Si ya kusikiliza habari, wala nyimbo za dini. Nilipeleka jazi. Niliifunga kwa leso ya mama yangu isiingie vumbi, nikaipakata kutoka Kajiado mjini hadi upande wa Isinya, nikijiona nimebeba zawadi ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuileta. Hapo nilikuwa sawa. Hakuna mwingine angeweza.

Uliniuliza Jumapili, na ile simu yako mkononi, nikutajie nyimbo ninazozipenda za hii jazi mnayoiita fyusheni, na zile sehemu ambazo mtu akizisikia anasema, ndiyo hii. Nikakuambia nitafikiria. Ukacheka: "Mzee, kazi yako ni kukaa tu. Fikiria basi." Kweli. Tangu nistaafu, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Kitengela imejijenga maghorofa mbele ya dirisha langu bila hata kunipigia hodi.

Basi, majibu. Majina ya nyimbo sina. Kaseti zetu zilinakiliwa kutoka kaseti zilizonakiliwa, na aliyeandika juu yake aliandika "Jazi A" na "Jazi B", akaona inatosha. Lakini sehemu zenyewe nazijua kama ninavyojua meno yangu, na zimebaki nyingi kuliko meno.

Kuna moja inaanza na piano ya umeme, ile yenye sauti ya kengele iliyovingirishwa blanketi. Besi imenyamaza. Kisha inaingia chini kabisa, inapanda polepole, na pale unapotarajia itue, inapita. Haitui. Unabaki umeinua mguu mmoja hewani. Ndiyo hii. Kuna nyingine saksafoni na gitaa zinakimbia pamoja bila kuachana, halafu ngoma zinakatika ghafla, na hizo mbili zinabaki peke yazo kama watu waliokuwa wakisengenya mahali penye kelele, kelele ikaisha. Na kuna ile ya hesabu mbovu. Wewe unapiga mguu kwa nne kama binadamu wa kawaida, yenyewe inahesabu saba, na kila ukidhani umeishika, imeshaondoka. Mke wangu, Mungu amlaze pema, aliniambia nikiisikiliza hiyo nafanana na mtu aliyeingiwa na siafu kwenye suruali.

Hizo ni za watu wa mbali. Ninayoipenda kuliko zote ilipigwa Kajiado, mchana, katika ukumbi wa mabati wenye joto la kuoka mkate, na gitaa lilishikwa na rafiki yangu.

Jina lake sitaliandika. Utaelewa.

Mimi sikuwa mwanamuziki. Nilikuwa yule anayekaa nyuma na mashine ya kurekodi, kazi nzuri kwa mtu asiyependa kusimama. Kiongozi wa bendi alikuwa mpiga piano, mwalimu wa shule ya msingi tuliyemwita Mwalimu Musyoka. Rafiki yangu alikuwa Mmasai. Mimi Mkamba, baba yangu alikuja Kajiado kuchonga mawe akasahau kurudi. Tulisoma darasa moja, na likizo nyingi nilizimalizia kwao. Mama yake tulimwita Yeyo, ndivyo wanavyomwita mama. Nikifika niliinamisha kichwa, naye akakiwekea mkono, kama anavyomfanyia mtoto wa nyumba. Kisha akanipa maziwa ya kibuyu na matusi kidogo.

"Huyu Mkamba wangu anakaa kama figa," aliwaambia watu. "Hata figa husogezwa!"

Yeyo alikuwa na wimbo wa kukamulia. Alimsifu kila ng'ombe kwa rangi yake na kwa mama yake, kwa sauti ya chini. Tuni fupi, inapanda kidogo, inashuka, inarudi ilikotoka, na maziwa yakipiga ndani ya kibuyu ndiyo yalikuwa ngoma. Rafiki yangu aliichukua tuni ile akaihamishia kwenye gitaa la umeme. Akaipindapinda, akaitandikia besi ya jazi chini yake. Aliniambia hajamwonyesha mama yake bado. Alitaka kwanza iive.

Siku ile ukumbini ilikuwa imeiva. Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Mwalimu Musyoka alikuwa ameiga desturi moja kwenye zile kaseti za mbali: mtu akifika zamu yake ya kupiga peke yake, kiongozi humwita jina, kwa nguvu, ili watu wajue nani anakuja. Piano ikatulia. Mwalimu akaliita jina la rafiki yangu, lake na la baba yake. Gitaa likaitika. Kwanza wimbo wa Yeyo kama ulivyo, mtupu, bila pambo. Kisha ukaanza kuvunjika vipande, kila kipande kikaenda njia yake, besi ikapita pale pale inapotakiwa kutua, na mwisho vipande vyote vikarudi vikakaa juu ya sauti moja inayotetemeka. Ukimya uliofuata unausikia kwenye kaseti. Hata kizibo cha soda kinasikika kikianguka. Nilirekodi yote, na nakala haikuwahi kutolewa.

Haukupita muda mrefu. Pikapu iliyokuwa ikipeleka vyombo vya bendi Namanga ilipinduka. Wengine walivunjika mikono na miguu. Yeye hakuamka. Mimi nilikuwa nimealikwa safari ile, nikasema mgongo unauma. Mgongo haukuwa na kitu.

Nilikuwepo mazishini. Mchungaji alisema "ndugu yetu". Wazee walisema "kijana". Dada yake, Nashipae, alisema "kaka yangu". Tangu asubuhi mpaka udongo uliporudishwa, hakuna mtu aliyelitamka jina, na mimi mwenye masikio ya kunasa kizibo cha soda sikugundua. Ilikuwa familia ya kanisa, lakini katika jambo hili Yeyo alishika ya zamani: kijana akifa, jina lake halitamkwi nyumbani kwao tena. Linalazwa pamoja naye. Kwetu marehemu hutajwa mpaka jina lichoke. Nilidhani watu wote hulia kama sisi.

Siku chache baadaye ndipo nilipofika na redio yangu imefungwa leso. Nashipae alinikuta langoni.

"Umebeba nini?"

"Gitaa lake. Anapiga ule wimbo wa Yeyo."

Akaitazama ile leso. "Iko na maneno ndani?"

"Haina maneno. Ni jazi."

"Uko sure? Maneno hapana."

"Nashipae, hii kaseti nimeisikiliza kuliko mtu yeyote duniani."

Mwanangu, sikumdanganya, na hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo. Nilikuwa nimeisikiliza mno hadi sauti ya Mwalimu imekuwa kwangu sehemu ya muziki, kama makofi, kama kukohoa kwa mtu wa nyuma. Sikulisikia tena kama jina. Nilikuwa najua alivyovuta kila uzi wa gitaa, na sikujua kwamba kabla ya hapo kuna mtu anaitwa.

Nashipae akaingia kumwambia mama yake kwamba ni salama, yeye mwenyewe amehakikisha. Yeyo akaketi. Nikainamisha kichwa, akaniwekea mkono, mkono mwepesi kama umepungua mifupa. Nikaweka redio juu ya kigoda. Ningeweza kuanzia pale gitaa linapoanza. Lakini mimi ni mjuzi, unaona, na mjuzi hakurupuki katikati ya wimbo. Sehemu nzuri lazima uisikie inavyokuja. Nikaanzia kwenye piano.

Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakasogea karibu. Yeyo akainama kidogo kuelekea redio. Nikamwangalia nikiwa nimejaa sifa kama kibuyu.

Mwalimu Musyoka akaita jina.

Aliliita kama mtu anayemwita aliye nje aingie ndani. Na Yeyo akageuka, akatazama mlangoni.

Sijawahi kuona kitu kama yale macho. Muda mfupi tu, lakini alimngoja. Mtu mmoja akapiga yowe. Nikakurupuka kuzima, vidole vikabonyeza kurudisha nyuma, nikabonyeza tena kwa hofu, na kaseti ikaanza upya na jina likaitwa mara ya pili. Safari hii hakutazama mlango. Alijifunika shuka usoni. Halafu gitaa likaanza, wimbo wake mwenyewe, mzuri kuliko ulivyowahi kuwa, na hakuna aliyekuwa akiusikiliza.

Mzee Koinet, baba mdogo wa rafiki yangu, aliinuka bila haraka. Akafungua redio nyuma, akatoa betri moja moja, akanipa mkononi kama mtu anayerudisha mayai. Kisha akanitoa nje.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mzee. Nilitaka kumfariji Yeyo."

"Ulitaka tukusikilize." Hakupandisha sauti. "Wale ndama hawana mtu wa kuwachunga tangu juzi. Ungeuliza hapa kuna shida gani, ungeambiwa. Hukuuliza kwa sababu ulitoka kwenu na jibu, tena la betri."

Nilirudi ndani kuaga. Nikainamisha kichwa mbele ya Yeyo, nikangoja. Nikangoja mpaka shingo ikaanza kuuma. Mkono haukuja.

Nilikutana na Nashipae sokoni Kajiado baadaye. Lawama zote zilimwangukia yeye, kwa kuwa ndiye aliyesema ni salama. Hakunigombeza. Aliniambia habari tu, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

"Mama haimbi tena. Anakamua hivyo hivyo, kimya. Kuna ng'ombe wawili walizoea sauti yake, sasa wanakataa kuachilia maziwa." Akaweka kabichi kwenye mfuko. "Wimbo sasa uko na wewe, kwa kaseti."

Nikamwahidi nitakuja kumwomba Yeyo radhi kwa utaratibu, nikisindikizwa na mzee. Nilisema mvua ikikatika. Mvua ikakatika. Nikasema nikipata kazi, nikapata. Nikioa, nikaoa. Mwanangu, ukitaka mtu anayejua kuahirisha, usimtafute mbali.

Kaseti ninayo kabatini. Siku hizi nikiicheza naanzia pale gitaa linapoanza, utaalamu nilioupata nikiwa nimechelewa. Na Yeyo yuko hai. Anaishi kwa Nashipae, Mashuuru. Nashipae alinipigia mwezi uliopita. "Yuko," alisema. "Macho hakuna, lakini masikio bado yapo." Sikujua ananialika au ananionya. Nikamwambia mgongo wangu unanisumbua, na siku hizi angalau ni kweli.

Ndiyo maana ulipoomba kaseti uitie kwenye simu, dunia nzima isikie, nilijifanya nimesinzia. Si yangu kuitoa. Tuni ni ya mama, jina ni la nyumba ile, cha kwangu ni ile mashine tu. Unaweza kuniona mzee mchoyo. Sawa, nimeshaonwa vibaya zaidi.

Shika haya niliyoyapata kwa gharama ya mwingine. Kitu unachokipenda sana kina hatari ya kukuziba masikio, kwa hiyo kabla hujampelekea mtu mwenye majonzi, kisikilize upya kwa masikio yake yeye. Ukienda penye msiba nenda mikono mitupu, uliza pana kazi gani, uifanye. Usiape kwamba unajua kwa sababu umerudia mara nyingi. Na ukimkosea mtu, mwendee ukiwa bado na aibu ya kwanza. Ile ya pili huja na visingizio vyake, na ya tatu inakuandalia kiti ukae.

Mungu akupe masikio mapole, mwanangu. Akupe nyumba ambazo ukiinamisha kichwa, mkono unakuja. Na wakuite jina lako siku zote ungali unaweza kuitika.

Nilipofika hapo, jirani yangu Mama Kasaine alikuwa ameniletea maziwa. Nikamsomea yote, mwanzo hadi baraka, nikimwangalia kwa pembeni nione kama atafuta machozi. Alinisikiliza hadi mwisho, akamimina maziwa kwenye sufuria, akaisuuza chupa yake kwenye bomba, akaifunga. Akiwa mlangoni akasema:

"Baba Mwende, huyo mama yuko hai hapo Mashuuru, na wewe uko hapa umekaa unafundisha watoto wa watu kuomba msamaha."