Mtani Ndani ya Kaburi la Baba

Nilirudi kutoka Ulaya na stashahada ya ufundi wa majokofu, na maneno matatu ya Kilatini niliyoyapenda kuliko stashahada yenyewe: quid pro quo. Mwalimu wetu wa sheria za biashara alisema maana yake ni kitu kwa kitu, na kwamba mkataba wowote wa haki umesimama hapo. Nilipofungua karakana Temeke, miaka ile biashara ilipolegezwa na majokofu chakavu ya Dubai yakajaa mjini, nikayafanya maneno hayo dini yangu. Sikubebwa na mjomba wala chama. Seremala akinichongea mlango, namtengenezea friji, tumemalizana. Maofisini mambo hayo hayo yaliitwa chai, ila huko unatoa wewe tu.

Jirani yangu mmoja, muuza soda, alikuwa Mhehe. Mimi Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu. Haikupita asubuhi bila yeye kunitukana kwa utani. Friji lake lilipokufa nililifufua bure, nikamwambia siku yangu ikifika naye atanifaa.

"Mngoni bwana!" akacheka. "Hata wema anaukatia risiti!"

Siku ikafika. Baba alifariki. Mhehe na wenzake walishika sululu tangu alfajiri, kama desturi inavyowataka watani. Jeneza lilipofika makaburini, tukamkuta Mhehe amelala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani.

"Hapa pangu. Mzee wa Kingoni atafute kwingine! Au mwanawe anipe hilo koti la Ulaya."

Watu wakaangua kicheko, hata mama. Mimi sikucheka. Wiki nzima nilikuwa nikihangaikia kibali cha karakana, kila meza ikininyooshea mkono, na sasa mkono mwingine ulitoka kwenye kaburi la baba yangu.

"Friji nilikutengenezea bure," nikasema. "Tulishamalizana. Toka."

Kicheko kikakatika. Mama akanivuta. "Mwanangu, mpe hata leso. Mtani halipwi, anachekewa."

Sikumpa.

Mhehe alipanda juu, akajipangusa udongo. "Haya, bosi. Mtu tuliyemalizana naye siwezi kumzikia baba yake." Wenzake wakalaza sepetu chini, wakamfuata. Ikabidi nikodi vibarua palepale. Walifukia haraka, wakapokea chao, wakaondoka bila hata kutupa pole.

Jioni nilimkuta Mhehe nyumbani, amekaa mkekani na mama, kajifunga khanga ya mama kiunoni, anaigiza kikohozi cha marehemu. Mama alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. Waombolezaji walikuwa wamejaa sebuleni. Nilipoingia, mmoja wao akainuka akanisogezea kiti, kama anavyosogezewa mgeni, ndani ya nyumba niliyoijenga kwa jasho langu.