Kitabu cha Baiolojia na Kanga ya Jumamosi

Zile siku za shida, mie mtoto, sukari iliuzwa kwa siri, hukuiomba kwa jina lake. Pale Nguvumali kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, mwenye duka, ambaye rafu zake zilibaki na njiti za kiberiti na kamba za katani tu. Lakini ukimwambia, "Shikamoo baba, mama anauliza kanga yake ya Jumamosi imefika?" basi huinama chini ya meza akakupa kifurushi cha sukari. Useme vile vile, usiongeze wala usipunguze. Siku moja kaka yangu alikwenda akauliza, "Ile kanga ya mama ya juzi iko wapi?" Akarudi na kanga kweli, kaazimwa na mke wa mzee! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Chai siku hiyo tulitia chumvi.

Biashara zikaja kufunguliwa, vitu vikajaa. Mzee alikuwa anauza vitambaa, akaviondoa, akaweka kompyuta za kulipia intaneti, na binti yake mkubwa ndiye akawa msimamizi. Mie nishaolewa, niko Mabawa na watoto wangu, na kila jioni naenda darasani na akina mama wenzangu. Nilitaka kusomea uuguzi, na bila kufaulu baiolojia ya kidato cha nne hawakuchukui. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja, cha mwalimu, naye kahamishiwa Mkwaja, kaondoka nacho. Na mtihani umeshakaribia.

Wifi yangu akanicheka. "Mama mzima unatafuta kitabu cha vyura! Si usome dua tu?"

"Dua nasoma, wifi. Na kitabu nakitafuta."

Nilipomaliza kuswali alasiri nikaenda kwa mzee. Binti yake akanikalisha mbele ya kompyuta, akanionyesha pa kuandika. Mie nimelelewa Tanga, siombi kitu cha mtu bila salamu. Nikaandika herufi moja moja: Assalaam aleykum, habari za hapo, naomba kitabu cha baiolojia cha kidato cha nne, ahsanteni.

Nikaitikiwa na dunia nzima! Zikaja kurasa za salamu, za mawaidha, za harusi, mpaka za wauza marashi. Kitabu hakuna.

Yule binti alicheka hadi mtandio ukamwanguka. "Dada, hii haiamkiwi! Kila neno unaloandika inakwenda kulitafuta. Ipe lile unalolitaka tu. Maneno ukiyatia ndani ya alama za kunukuu, inakuletea vile vile yalivyo. Usilolitaka, liwekee kistari mbele, italiacha nje."

Nikamtazama baba yake, kakaa palepale mlangoni na tasbihi yake. Nikasema moyoni, kumbe kazi hii naijua tangu utotoni.

Nikafuta salamu zote. Nikaandika jina la somo kwa Kiingereza ndani ya alama. Yakaja maduka yanayouza vitabu, nikaweka kistari, nikaandika neno la kuuza, yakapungua. Binti akanifundisha kuongeza filetype, nukta mbili, kisha pdf, ili kije kitabu chenyewe badala ya habari zake. Kikaja! Ukurasa wa kwanza mwenye kitabu kaandika hataki kinakiliwe. Kiingereza changu cha jioni, lakini hilo nililielewa. Nikakifunga.

"Dada, nani atakuona?"

"Ataniona aliyeziumba hizo figo ninazotaka kuzisoma."

Nikarudi kuandika, safari hii nikatia ndani ya alama maneno ya Kiingereza ya kusema ni ruhusa kunakili. Siku hiyo sikupata, wala kesho yake. Wifi kila nikirudi ananiuliza vyura wamefika wapi. Nikawa nabadilisha neno moja, naondoa jingine, kama unavyochambua mchele, mpaka kikatokea kitabu cha walimu wa nchi ya mbali. Mbele wameandika, anayetaka akichape, akisome, ampe na mwenzake. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, watu wote wakageuka.

Tulichapa zile sura tulizozihitaji, nikazifunga kwa kamba ya katani, zikazunguka darasa zima. Mwenye figo leo, kesho anampa mwenye moyo. Nami nikasoma jikoni, mkono mmoja mwiko, mpaka watoto wangu wakajua njia ya damu kuliko njia ya kwenda sokoni.

Matokeo yalipobandikwa, nilitafuta namba yangu kwa kidole, nikarudia kuisoma. Baiolojia nimefaulu, na vizuri. Wifi ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, na mie sikumkumbusha vyura.

Kabla ya kufika nyumbani nikapitia dukani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama usoni, akatabasamu. "Kanga ya Jumamosi imefika?"

"Imefika, baba," nikamwambia. "Na safari hii sikutumwa, nimeifuata mwenyewe."