Choo cha Wifi

Fundi alikuwa na cherehani moja na wivu wa kutosha mtaa mzima. Chumba chake cha kushonea hakikuwa na choo. Choo kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye saluni ya wifi yake, dada wa mumewe, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Binti yake wa miaka sita alishinda naye hapo kila akitoka shule. Akienda choo, harudi. Akirudi, kucha zimepakwa rangi na mdomo haufungi: shangazi kasema hivi, shangazi ana kiti kinachozunguka. Siku alipotamka, "Shangazi anasuka vizuri kukushinda," Fundi alishona mkono wa gauni la watu nje ndani. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Abebe mimba yeye, kisha mtu amnyang'anye mtoto kwa rangi ya kucha!

"Kuanzia leo huendi kule," alisema. "Ukibanwa, vumilia. Jioni tutakuwa nyumbani."

Mtoto akavumilia. Alibana miguu, akakalia kisigino, akaacha kunywa maji. Wiki ya tatu akaanza kukojoa kitandani, na mama akaona ni kudeka tu: kadekezwa na nani kama si yule yule? Akamgombeza. Baadaye mtoto akawa analia kila akikojoa, na Alhamisi akaamka na homa kali, anatapika, anashika kiuno.

Mume alikuwa safarini. Mwenye gari alikuwa wifi. Fundi alipanda akiwa amenuna.

Zahanati walipima mkojo. Daktari, mama mtu mzima, akasema mkojo una vijidudu, na kwa homa ile huenda vimeshapanda kwenye figo. Tukichelewa, alisema, figo zinaweza kubaki na kovu. Kisha akamwinamia mtoto.

"Mchana unaenda choo mara ngapi, mjukuu wangu?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza. "Siendi. Mama alisema nisiende kwa shangazi."

Fundi alitamani wifi amtukane, apate pa kuanzia. Wifi alikuwa akimpangusa mtoto jasho tu, na hata hilo lilimkera.

"Dawa amalize zote, hata akipata nafuu," daktari alisema. "Anywe maji. Ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Na choo, kila baada ya saa mbili au tatu. Mambo ya kubana mkojo nisiyasikie tena."

Homa ilishuka. Jumatatu mchana mtoto alikuwa tena pembeni ya cherehani, na Fundi akaona magoti yanabanana.

"Umebanwa?"

"Hapana, mama."

"Sema kweli."

"Sijabanwa, mama." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Fundi aliacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano. Alimbeba, na uzito wote ule, akavuka naye barabara mbio.

"Wifi!" alipiga kelele kabla hajafika mlangoni. "Wifi yangu, tufungulie choo!"