Uwanja Uliponyamaza

Enzi zetu timu ya taifa hatukuiona, tuliisikia. Wachezaji tuliwajua kwa majina tu, na kila mtoto wa kijiji chetu cha Pito alijichorea sura zao kichwani apendavyo. Golikipa wangu mimi alikuwa na masharubu ya baba. Siku nilipoiona picha yake kwenye gazeti lililofungiwa sukari, kijana mwembamba asiye na hata unywele mmoja mdomoni, nilikasirika nikalitia gazeti jikoni likaungua.

Asubuhi tulikimbia mchakamchaka, baridi ya Ufipa inauma masikio, miguu peku kwenye umande, tunaimba nyimbo za kujitegemea huku meno yakigongana. Jioni, tukitoka shamba la shule, ilikuwa chandimu. Mpira tuliusuka wenyewe kwa matambara na kamba za katani, na mimi Oresta, msichana pekee, nilikaa golini kwa sababu nilikuwa na viganja vipana na sikuogopa kuanguka. Wajukuu wangu leo hawaingii uwanjani bila viatu vya rangi ya limau, na wakianguka wanalala hapohapo mpaka mtu awapige picha.

Timu yetu ya taifa ilikuwa hodari wa kufungwa kwa heshima. Kombe la Afrika tulisikia tu kwamba wenzetu wanalicheza. Kila zilipokuja mechi za kufuzu, wanaume wa Pito walikwenda Majengo kusikiliza kwenye duka la Mzee Seifu, na jioni walirudi wakizungumzia mbolea. Watoto tulijua matokeo kwa mbolea hiyo.

Halafu ukaja mwaka ule. Vita vilikuwa vimetoka kwisha, sabuni ilikuwa ya foleni, na lori la Mzee Seifu lilikuwa limelala kwa kukosa dizeli. Katika dhiki hiyo, vijana wetu wakawafunga Wazambia bao moja bila kule Dar es Salaam. Ilibaki mechi ya marudiano kwao, na sare tu ingetupeleka Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Wiki nzima hakuna aliyezungumzia mbolea.

Tatizo la kwetu lilikuwa mawimbi. Zambia iko karibu kuliko Dar es Salaam, na mchana redio ya taifa ilisikika kama mtu anayeongea ndani ya debe, kisha ikapotea kabisa. Redio ya Zambia ilikuja safi, tena kwa Kibemba. Katika watu wote waliojaa dukani Jumapili ile baada ya misa, aliyekijua Kibemba vizuri alikuwa mmoja, mama yangu. Alikuwa Mmambwe wa upande ule, na alikulia kwenye makambi ya migodi alikofanya kazi baba yake, katika mji uleule mechi ilikochezwa. Kaka yake alikuwa bado mchimbaji huko, na tulijua kwamba saa ile yumo uwanjani.

Mama alikuwa amekuja kununua chumvi tu. Mzee Seifu akamtolea kigoda, akamwomba atufasirie. Betri za redio, ambazo sisi tuliziita mawe, zilichangwa na nyumba tano na zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Bwana Karoli, balozi wetu wa nyumba kumi, alijipa mwenyewe kazi ya kuzilinda.

Mama alifasiri kwa sauti ileile aliyohesabia vibaba vya ulezi. Mpira uko kulia. Mpira umetoka. Golikipa wetu amedaka. Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema Zambia wamefunga.

Watu wakaguna. Bwana Karoli akasema mbele ya wote kwamba haishangazi, huyu mama kwao ni huko, nani ajuaye anatufasiria nini. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alikuwa ameolewa Pito kabla mimi sijazaliwa, amelima shamba la kijiji kama wote na kuzika pamoja na wote, na siku hiyo kwa mara ya kwanza niliona anatazamwa kama mgeni.

Alikaza kitenge chake, akachukua chumvi, akanishika mkono. Redio iliendelea kusema na duka zima halikuambulia neno. Tulikuwa tumeshafika mlangoni Mzee Seifu alipomwita.

"Mama Oresta, tafadhali. Bila wewe sisi ni viziwi."

Mama akageuka, lakini aliyemtazama ni balozi. "Mimi nasema kinachosemwa. Mkitaka cha kuwafurahisha, zimeni redio mjitangazie wenyewe."

Akarudi kukaa. Dakika zikayoyoma. Mtangazaji alikuwa anapayuka kwa raha, nyuma yake maelfu wanaimba, na pale dukani nikasikia mtu ameanza kuulizia mbolea. Mara redio ikakatika. Hapakuwa na mtangazaji wala nyimbo, kilibaki kivumo chembamba tu.

"Mawe yamekwisha," akasema Bwana Karoli, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifuniko cha nyuma ayatoe.

Mama akaudaka ule mkono. Mke wa mtu kumshika balozi hadharani, jambo hilo Pito halikuwahi kuonekana.

"Acha. Redio haijafa. Uwanja umenyamaza."

Aliinamisha sikio. Watu wa mji ule aliwajua tangu utoto, wanavyoimba na wanavyonuna. Mtangazaji akapata pumzi, akatamka maneno machache kinyonge, na mama akapanda juu ya kigoda.

"Bao letu," akasema. "Moja kwa moja."

Ninyi mliokuwepo mnakumbuka yaliyofuata filimbi ya mwisho ilipopulizwa. Vigelegele vilitoka Majengo vikapokewa mpaka Mollo. Mzee Seifu, ambaye chumvi aliipima kwa kijiko, alitumwagia watoto kopo zima la pipi. Bwana Karoli hakusema samahani. Alichukua chumvi ya mama akajitwika kichwani, akatutangulia hadi Pito, na kila aliyekutana naye alimwambia kwamba bao la Taifa amelisikia kwanza Mama Oresta. Mama alicheka njia nzima. Karibu na nyumbani akanong'ona kwamba mjomba leo hali chakula, na nikaona macho yake yana machozi. Sijapata kumwonea mtu fahari namna ile.

Ilipita karibu miaka arobaini ndipo timu ya taifa ikarudi kwenye Kombe la Afrika, na mama alikuwa ameshatangulia. Siku hizi wajukuu wanaona mpaka jasho la golikipa, na bado wanakosa subira, wanaangalia mechi tatu kwa simu moja. Timu yetu ikifunga ugenini, wanarukaruka pamoja na mtangazaji. Mimi huwaomba wapunguze kelele kidogo, nisikie wenyeji wanavyonyamaza. Wananiambia, "Bibi, hapo hakuna cha kusikia."