Namna Nilivyouza Mbalamwezi ya Baraka

Niliondoka Baraka kwa ajili ya kiti kimoja. Kiti chenyewe kilikuwa Usumbura, katika baa ya mtaa wa Buyenzi, na mpiga gitaa aliyekikalia alikuwa anahamia Leopoldville. Habari hiyo aliniletea Papa Anselme, aliyekuja kwetu kumzika shangazi yake. Mchana, huko kwake, alikuwa fundi cherehani. Jioni alikuwa mkubwa wa orkestra. Siku alipotaka kurudi mwezi ulikuwa umejaa juu ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na ufuko wote ulikuwa unacheza. Alisimama nyuma yangu mikono mgongoni, akasikiliza nyimbo tatu, akaniinamia sikioni.

"We kijana, kuja Usumbura. Dansi inayokuja nitakusikiliza mbele ya bantu. Ukibapendeza, kiti ni yako."

"Dansi inayokuja?"

"Inayokuja. Usichelewe."

Sikuuliza zaidi, na mimi ni mtu wa kuuliza bei ya kitu hata nisichokitaka. Lakini kwetu hapakuwa na la kuuliza. Wanaume wa Baraka huvua ndagala usiku wa giza, kwa sababu samaki wale hufuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa wanaidharau taa, nyavu zinalala mchangani, na wanaume wanabaki na miguu isiyo na kazi. Ndipo tunapocheza. Dansi inayokuja, basi, ilikuwa mwezi ujao. Nilikuwa na muda wa kutosha, nikautumia wote.

Kwanza nilipanda Fizi, kuomba karatasi ya kusafiri. Karani aliinua kichwa, akaitazama gitaa yangu. Nilikuwa nimeichonga mwenyewe kwa mbao za sanduku la sabuni, ikiwa na nyuzi sita. Nilizihesabu tena asubuhi ile, bado sita. Mbili zilikuwa waya za breki nilizobadilishana na katekista kwa vikapu vya mihogo, na tangu siku ile mtu wa Mungu akishuka kilima cha Fizi kwa baiskeli hushuka kwa sala.

"Kazi yako gani?" karani aliuliza.

"Mupiga gitare."

"Ile haiko kazi. Ile ni njaa. Gitare ni nani alitengeneza?"

"Ni mimi."

"Basi uko menuisier," akasema, akagonga muhuri. Nilipanda Fizi mpiga gitaa, nikashuka seremala.

Baraka, siku ya kuondoka, nilimkuta mama akianika ndagala. Hakulia. Alikuwa akizitandaza kwa kiganja polepole, kama mtu anayelainisha shuka la kitanda, na jua lilikuwa linazigeuza fedha.

"Utakuwa unarudia lini?" aliniuliza.

"Mwezi ikiwa mukubwa nitakuwa napiga kule, mama. Nitakuwa nakuja siku za giza."

"Siku za giza! Na siku za giza nitakuona na nini?"

Mama ndiye mtu wa pekee ambaye sijapata kumshinda katika mapatano, labda kwa sababu hajawahi kupandisha sauti.

Njia ya kwenda Uvira niliipita juu ya lori la Radjabu, dereva wa magunia ya ndagala. Alitaka kuku awe nauli. Nilimwambia kuku atakula mara moja, lakini wimbo ataubeba mpaka nyumbani. Tukapatana nipige gitaa kila lori linapopanda, ninyamaze linaposhuka. Nilivikumbuka vilima vyote, nikavihesabu upya kwa vidole, nikaona nimempunja. Sikujua lori lake: kwa Radjabu hata tambarare ilikuwa mlima.

"Piga!" alikuwa akipiga kelele kutoka chini. "Hausikie namna inalia? Inapanda!"

"Inapanda wapi, kaka? Naona maji hapa sawasawa na gurudumu!"

"We piga tu, menuisier!" Karatasi yangu alikuwa ameiona.

Kutoka Mboko kwenda mbele nilipiga nikiwa nusu usingizini. Milima ilikuwa mkono wa kushoto, imevaa mawingu mpaka kiunoni. Ziwa lilikuwa mkono wa kulia, limetulia hivi kwamba mitumbwi ilionekana imening'inia hewani. Magunia yalinuka nyumbani. Kuna mahali, karibu na Makobola, nilipofungua macho nikaona kwamba ziwa ndilo linalosafiri na sisi ndio tumesimama, na nikaendelea kupiga ili lisichoke.

Usumbura nilifika Jumanne alasiri. Barabara zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa kwa uzi, na kila kona ilifanana na kona niliyotoka. Nilizunguka nyumba moja mara mbili nikidhani ni mbili. Jioni ile mwezi ungetoka mzima. Nilikuwa nimefika siku yenyewe, si kabla wala baada, na nilikuwa najisifu moyoni nilipoiona baa. Mlango ulikuwa wazi, viti vimepinduliwa juu ya meza. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano alikuwa anasugua benchi kwa majivu. Huyo alikuwa Mama Feza, mwenye baa. Papa Anselme alikuwa amekaa pembeni, futi ya kupimia shingoni, akishona pindo la suruali.

"Papa, nimefika kwa dansi," nilisema.

Aliacha sindano hewani. "Dansi gani? Nilikungojea Jumamosi. Nikakungojea Jumamosi ingine. Bantu bakauliza, mutu wako wa Baraka iko wapi? Iko wapi?"

"Nilikuwa nangojea mwezi."

Mama Feza alisimamisha mkono wake. Kisha alicheka mpaka akashika meza. "Anselme, umesikia? Alikuwa anangojea mwezi! Mwanangu, huku tunacheza Jumamosi."

"Hata kama mwezi haiko?"

Alinyoosha kidole juu. Katikati ya dari palikuwa na taa ya umeme, ndogo kama chungwa. Watu wa mji walikuwa na mwezi wao, wameufunga kwa waya usiende popote.

Kiti kilikuwa kimepewa mtu wa Bukavu. Papa Anselme alinieleza akitazama pindo lake, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko. Jambo la pili liliniuma zaidi. Kama dansi ya huku ni Jumamosi, basi mwezi ulikuwa huru. Ningekipata kile kiti, ningeweza kuwa na mji na nyumbani pia: Jumamosi hapa, na mwezi ukijaa, ufukoni Baraka, mama akinitazama bila taa.

Nikaenda ziwani, maana sikujua pengine pa kwenda. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya milima ya Uvira. Pale ufukoni nilisimama ghafla: nyavu zimelala mchangani, na karibu nazo wavuvi wamekaa safu ndefu, wanatazama maji bila kuyaona. Nilizihesabu nyavu, kisha watu, kisha nikawahesabu watu tena. Miguu yote ile, haina kazi.

Nilirudi kwa Mama Feza nikitembea upesi.

"Mama, leo nani atakunywa hapa?"

"Leo? Inzi."

"Nipe benchi moja, si kiti. Niwalete wavuvi. Wasipokuja, nitakusugulia meza zote na kwenda zangu."

"Na wakija?"

"Siku zote za mwezi mkubwa ni zangu."

Alinitazama, akaanza kuona faida yake. "Zote? Kila mwezi? Maana mimi sitaki mtu wa kuja na kutoroka. Ukizichukua, usikosekane hata siku moja."

"Hata moja," nikasema.

Ndiyo biashara niliyoifunga haraka kuliko zote. Nilikuwa nimehesabu nyavu mara moja na watu mara mbili. Hilo neno "hata moja" sikulihesabu kabisa.

Mwezi wa Usumbura hautoki ng'ambo ya maji kama wetu. Ulitoka nyuma yangu niliporudi ufukoni, juu ya milima ya Urundi, nikaujua kwa kuona kivuli changu kimelala mchangani na gitaa begani. Nilipiga wimbo mmoja pale ufukoni, nikaanza kutembea nikiupiga, na wavuvi wakainuka mmoja mmoja wakanifuata, kama watu waliosikia wakiitwa ndotoni. Mama Feza alitoa benchi uani, akaizima taa yake bila kuambiwa. Papa Anselme alileta kinanda cha mkono. Uani pale, weupe ule juu ya vichwa vya watu, vumbi likipanda kama mvuke wa maziwa ya moto, sikujua tena niko mji gani. Katikati ya wimbo nilifumba macho nikasikia maji ya Baraka. Ndipo nikakumbuka kwamba kule pia wanacheza saa hii, mwezi ni huo huo, nami nimekwisha kuuza wangu.

Baraka nilirudi mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa, siku ya giza, juu ya magunia matupu ya Radjabu. Nilimletea mama kitenge, na nilikuwa na viatu. Ufuko ulikuwa mtupu. Wanaume wote walikuwa majini, na taa zao zilienea mpaka karibu na Ubwari, zikicheza polepole, mji mzima juu ya ziwa. Nilizihesabu. Nikahesabu tena, hesabu ikakataa. Nimezijua baa zote za Buyenzi, nimejifunza kwamba kila kitu kina bei na kila bei inashuka ukivumilia. Lakini mji ule wa taa, niliozaliwa kando yake, sikuwahi kuutazama hata usiku mmoja nilipokuwa nikingoja dansi.

"Ni nani anasimama kwa giza?" sauti ya mama iliuliza.

"Ni mi, mama. Menuisier."

Alikuja na taa, akaiinua mpaka usoni kwangu, akaniangalia shavu hili na lile, kama anayechagua samaki sokoni.

"Umekonda," akasema. Halafu akatabasamu. "Kumbe na we unakuja kwa taa, sawa ndagala."

Hakuizima mpaka nilipomaliza kula.