Hita ya Kumleta Cucu Kibirichia

Tulipokuwa wadogo kule Kibirichia, baridi ilihesabiwa kama mtu wa nyumbani. Asubuhi tulienda shule na viazi vya moto mifukoni, na hatukuruhusiwa kuvila mpaka vipoe kabisa, maana kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha mikono. Mwalimu alilijua hilo, na kabla ya imla alitupa nafasi ya kuvishika. Watoto wa siku hizi wana glavu zenye picha za paka na bado wanataka kupelekwa kwa gari hadi mlango wa darasa.

Gari sisi pia tulikuwa nalo, stesheni wagoni kuukuu la rangi ya krimu. Lilibeba viazi siku ya soko na familia siku ya Jumapili, kwa hivyo tulifika kanisani tukinuka udongo. Lilikuwa na hita, na hita hiyo ilipuliza hewa baridi kuliko ya nje. Hakuna aliyejali mpaka mdogo wangu alipozaliwa.

Alikuwa msichana wa pili. Mimi, Kendi, nilikuwa nimechukua jina la mama yake baba, kwa hivyo huyu kwa desturi alikuwa wa upande wa mama: Ciarunji, jina la cucu, yaani bibi yetu wa Mbeere. Mwenye jina hutakiwa kuja kumpakata wajina wake. Lakini cucu alikuwa mtu wa nchi ya joto, ya mtama na mbuzi. Kwetu alikuja mara moja tu, siku ya harusi ya wazazi wangu, akashikwa na kikohozi kabla hata keki haijakatwa, akarudishwa kwao amefungwa blanketi na kuapa kwamba Kibirichia haitamwona tena. Sasa aliitwa kwa ubatizo, akakataa. Nilimkuta mama akimwosha mtoto huku machozi yakidondoka ndani ya beseni. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na niliogopa sana. Nadhani baba aliogopa zaidi yangu, kwa sababu siku hiyo hiyo alituma neno Mbeere kwamba mama mkwe asiwe na wasiwasi, gari lina hita ya moto.

Hivyo hita ikawa shida ya kijiji kizima. Enzi hizo ukifungua boneti umeitisha mkutano. Mzee wa kanisa alisema hewa imenaswa kwenye mipira ya maji, gari lisimamishwe likitazama mlima ili hewa ipande na kutoka. Wanakwaya wakalisukuma hadi kwenye mteremko wa kanisa, na tukasali ibada nzima injini ikinguruma nje, kifuniko cha rejeta kimefunguliwa. Hewa ilitoka, hita ikabaki baridi. Jirani aliyeuza mbegu akasema ni uchafu, wakasukuma maji ndani ya hita kwa mpira wa kunyweshea ng'ombe, yakatoka maji ya rangi ya chai. Bado. Mama akasema labda upepo wenyewe haupiti. Wakafungua njia ya upepo, wakakuta kiota cha panya kilichojengwa kwa soksi zangu za Jumapili. Niliambiwa niwashukuru panya kwa kunitunzia.

Mwishowe akaja fundi Mutwiri kutoka mjini Meru. Alishika mpira mmoja, akashika wa pili, akauliza kama mshale wa joto huwa unapanda. Baba alijibu kwa majivuno kwamba haujawahi kupanda. Ndipo fundi akakumbuka kwamba themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, alikuwa amekitoa yeye mwenyewe miaka ya nyuma, kama mafundi wengi wanavyofanya hadi leo.

"Kile ni kitu ya nchi za baridi," alijitetea.

"Na hapa ni wapi?" baba akamuuliza, akiwa amevaa makoti mawili.

Kidude kilipatikana kwenye mkebe wangu wa michezo, ambako kilikuwa kiti cha mwanasesere. Ili kukipima, baba alikitumbukiza kwenye sufuria ya viazi iliyokuwa ikichemka. Watu wazima wakainama kuzunguka meko, na kilipofunguka wakapiga makofi. Kisha tukala viazi.

Kilirudishwa mahali pake, na hita ikawaka ajabu. Kitu kimoja tu: koki ya kuifunga ilikuwa imeshikwa na kutu, ikakatikia mkononi mwa fundi. Hakuna aliyesikitika, kwani nani angetaka kuifunga?

Tuliondoka mimi na baba alfajiri, siku moja kabla ya ubatizo. Kufika Mbeere jua lilikuwa kali na ndani ya gari palikuwa jikoni. Cucu alitoka amevaa sweta mbili, koti na blanketi, akaketi nyuma. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mno. Hawaketi karibu wala hawazungumzi ovyo, kwa hivyo nikawekwa niwe mdomo wao.

"Kendi, muulize cucu kama amepata joto."

"Mwambie baba yako niko sawa."

Alijibu kwa sauti nyembamba, jasho likimtiririka hadi kidevuni, lakini kumlalamikia mkwe ilikuwa aibu kubwa. Baba alisikia ile sauti akadhani ni baridi. Naye hakuweza kuvua koti mbele ya mama mkwe, wala kufungua dirisha upepo usije ukampiga. Nilipojaribu kusema ukweli, wote wawili walinikaripia. Tulipofika Chuka baba alishuka, akaziba rejeta kwa boksi ili joto liongezeke. Kufika Nkubu mimi nilikuwa nimebaki na shimizi.

Tuliingia Kibirichia jioni, ukungu umeshuka. Majirani walikuwa wamejipanga na mablanketi. Cucu alishuka akifuka mvuke, akawapita wote, akavua sweta, akasimama katikati ya kiwanja amepanua mikono. Wazee wetu, waliozaliwa katika baridi hiyo, wakamtazama wakiwa wamejikunyata.

Mama alitoka na mtoto. Cucu alimpakata kifuani, na Ciarunji, ambaye alikuwa analia kila jioni, akalala papo hapo. Nilimpenda cucu tangu dakika hiyo. Kisha akamwambia mama, "Nionyeshe jikoni kwako. Sijawahi kuona mahali unapikia." Wakaingia humo, wakafunga mlango, na chakula cha wageni kikachelewa sana.

Siku hizi gari langu hupasha mpaka kiti, na ukimwambia kijana ashike mpira wa rejeta anauliza simu kwanza. Ciarunji yuko Kanada, na binti yake wa pili ana jina la mama yetu, ambaye bado hajampakata. Juzi alimpigia mama simu ya video, mama akaomba aonyeshwe jikoni. Ciarunji akazungusha simu polepole: makabati meupe, bomba linalong'aa, mtoto amekaa sakafuni bila hata soksi. Huko nyumba nzima ina joto, akasema. Mama alitazama, akasema ni pazuri. Simu ilipokatika aliendelea kuishika mapajani, halafu akaniuliza kama kuna gari la kufika huko.