Timu Bila Mfadhili

Ernesti, mwenyekiti wa timu ya Manundu Shujaa, alitua gunia la jezi kando ya cherehani ya Efrazia.

"Dada, fumua jina la Awadhi kifuani. Zote."

Efrazia ndiye aliyelishona jina hilo, mwaka timu ilipopanda kutoka ligi ya mkoa hadi ligi ya taifa. Awadhi alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Alilipa mishahara, basi la kwenda Kigoma na Songea, hata barafu ya kukandia misuli.

"Mmegombana?"

"Hapana. Biashara imemwendea kombo. Alikuja mwenyewe, akaaga kwa heshima."

"Uwanja si hujaa? Mtu mmoja akiondoka, timu nzima inakosaje nauli?"

Ernesti alijikuna kidevu. "Viingilio havitufikishi hata Dodoma."

Efrazia hakuwa shabiki wa mpira, ila hakuweza kuacha kitu bila kukijua undani wake. Utotoni aliwahi kuifungua redio ya babu yake, mkata mkonge aliyehamia Korogwe kutoka Njombe, atazame wanaosema wamekaa wapi. Alichapwa, na kesho yake akaifungua tena. Sasa kila mchezaji aliyeleta suruali kupunguzwa alikutana na maswali: nani anamlipa nani, na kwa fedha ipi?

Mwezi uliofuata alipeleka sare za shule Handeni. Alikuwa amesikia kuwa huko kuna timu ambayo haijawahi kutajwa redioni, wala haijawahi kukosa msimu. Akamtafuta katibu wake, Bibi Mwaija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Korogwe kuja kuniuliza habari za mpira?"

"Nataka kujua mnaishije."

Bibi alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa ikinguruma, unga umetanda hadi kwenye kenchi za paa. "Mfadhili wetu huyu hapa. Tulichanga wanachama. Mahindi yakisagwa, vijana wanapata viatu na nauli."

"Na mishahara?"

"Hatuna. Anayetaka mshahara tunamwombea heri aende zake. Tulipanda daraja mara moja tu. Wakati huo zilikuwa mashine mbili. Tuliposhuka tena, moja tulishaiuza kulipia safari."

"Mlijuta?"

Bibi Mwaija alipangusa unga mkononi. "Siku tuliyopanda, marehemu mume wangu alicheza ngoma barabarani. Mtu ambaye hakucheza hata kwenye harusi yetu. Sijui kama niseme tulijuta."

Jibu hilo lilimkaa Efrazia kichwani njia nzima ya kurudi.

Ernesti alimwalika kwenye mkutano wa wanachama, akasimulia aliyoyaona. Iddy, golikipa, alisimama. "Mama, mimi nina mtoto na kodi ya nyumba. Hiyo mashine ya kusaga itanilipa?"

"Haitakulipa," alisema Efrazia.

Walibishana hadi sauti zikakauka. Mwishowe timu iliamua kurudi ligi ya mkoa. Iddy na wenzake kadhaa waliondoka. Iddy alipata timu Tanga mjini. Efrazia alimshonea begi la safari, akakataa malipo. Waliobaki walichanga, wakanunua maturubai na viti vya kukodisha kwenye harusi na misiba.

Siku ya mechi ya kwanza watu walikuwa wachache, nao walisimama juani. Viti vyote vilikuwa vimekwenda Mazinde, kwenye harusi.

"Timu ina viti, mashabiki wake wanasimama," alinung'unika Ernesti.

"Lakini nauli ya mechi ya Lushoto tayari ipo?"

"Ipo. Na ya kurudi."

Efrazia alitazama uwanjani. Golikipa mpya alidaka mpira mgumu, akaanguka nao, akainuka akicheka. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele peke yake. Efrazia, aliyewajua mama za wachezaji wote, alimsogelea akitaka kujua: huyu mwanawe hayumo, hajakaa kwenye kiti, na kiingilio amelipa. Akamwuliza amefuata nini.

"Nilikuwa napita," alisema yule mwanamke, bila kuondoa macho mpirani. "Hebu kwanza, mama, unaniziba."

Efrazia akasogea pembeni, akabaki hapo naye hadi filimbi ya mwisho.